Jioni Niliyomshona Mama

Juzi nilipanda lifti ya jengo nisilolijua, nikimpelekea chakula mfanyakazi mwenzangu aliyejifungua. Ghorofa ya tano mlango ukafunguka, wala hakuingia mtu, iliingia harufu. Mchaichai uliopondwa, nazi inayochemka polepole, na nyuma yake asumini iliyokaa majini mpaka ikaanza kuchoka. Mlango ukajifunga, tukaendelea kupanda, mimi na ile harufu. Nilipofika nilikokuwa nakwenda sikushuka. Nilisimama na sufuria langu limefungwa kwa taulo, lifti ikanirudisha hadi chini, na njia nzima nilikuwa mtoto wa miaka saba, meno ya mbele sina, nimesimama mbele ya mlango wa Ming.

Wenzangu mliokulia kwenye yale majengo ya Crescent Town, huku Toronto, mtanielewa. Mtu alikuwa na korido nzima ya majirani, na kila mlango ulikuwa na harufu yake: bizari, samaki mkavu, udi, sabuni ya kufulia. Mimi na mama tulikuwa wawili tu katika nyumba ya chumba kimoja, yeye mtu wa Muheza, mimi mtu wa korido. Jioni alikwenda kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na akiondoka alinivusha hatua chache hadi mlango wa pili, kwa mama wa Kikambodia aliyekuwa mwembamba, mwenye nywele fupi na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Sote tulimwita Ming. Ilinichukua miaka kujua kwamba hilo halikuwa jina lake. Kwa lugha yao ni kama kusema mama mdogo.

Mama na Ming walizungumza Kiingereza cha kuokotezana. Kilichowaunganisha hasa kilikuwa nazi. Mara ya kwanza Ming alipotuletea samaki wake, aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, ametulia kwenye tui zito la manjano, mama alionja, akaweka kijiko chini na kucheka. "Mishi, huyu ni samaki wa kupaka. Amepotea njia tu akazungukia kwao." Tangu siku hiyo sahani zilikuwa zikivuka korido kwenda na kurudi, na hakuna sahani iliyorudi tupu.

Mimi Kiswahili nilikielewa chote, hata cha kunong'ona. Tatizo ni kwamba kikifika mdomoni kiligeuka. Mama aliuliza kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Ila Jumapili, simu ya Muheza ilipopigwa na mama akaniwekea sikioni, nilisema "Shikamoo Bibi," Bibi akaitikia "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" na hapo nikarudisha simu haraka kama kitu cha moto, nikajificha nyuma ya pazia.

Jumamosi za kiangazi zilikuwa za Ming. Kwenye barabara ya Danforth, mwendo wa miguu kutoka kwetu, kulikuwa na mgahawa wa watu wa kwao, na Jumamosi meza zilisogezwa, jukwaa dogo likafungwa mwishoni mwa ukumbi, na basi kubwa jeupe likasimama nje. Walioshuka Ming aliwaita wasafiri. Walikuwa wanapita Toronto tu, kesho yake wanakwenda kuona maporomoko ya Niagara, na usiku wa kulala kwetu walipewa chakula cha jioni na ngoma za jadi za Kikambodia. Mimi nilidhani wasafiri ni kabila. Wote walikuwa wazee, wote walivaa viatu vyeupe, wote walikuwa na kamera tumboni, na wote walizungumza kwa sauti kubwa mpaka taa zilipozimwa. Nikajiambia, hawa ndio watu wa kabila la Wasafiri, kwao ni ndani ya basi.

Ming hakucheza. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya jukwaa, kati ya jiko na choo, chumba chenye balbu moja na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Humo ndani alikuwa anashona watu.

Nasema kweli. Mpwa wake, Bopha, siku za kazi alikuwa anauza kahawa karibu na stesheni, anatafuna ubani, masikioni ana nyaya za muziki, akinipita koridoni ananivuta kisogo. Jumamosi aliingia kile chumba akiwa Bopha, akavua suruali yake ya jinzi, akasimama mikono mbali na mwili, na Ming akaanza. Kitambaa kilikuwa cha hariri, kizito kwa nakshi za dhahabu, hakina zipu, hakina vifungo. Ming alikivuta mpaka kikambana Bopha kama ganda la ndizi changa, kisha akamshonea hapohapo mwilini, mshono baada ya mshono, sindano ikiingia na kutoka karibu na ngozi, uzi mwekundu ukilia kidogo kila ukipita. Ikifika shingoni Bopha aliacha kutafuna. Akishashonwa hakuweza kukaa. Alisimama pale ukutani kama taa, akinywa maji kwa mrija, nami nilikuwa nikimtazama nikingoja saa ile ambapo Bopha anaondoka usoni na mwingine anaingia.

"Kwa nini unamshona?" nilimuuliza Ming siku moja.

Aliuma uzi akaukata kwa meno. "Ili asitoke," alisema. "Nikishashona, haendi popote mpaka niseme mimi."

Alikuwa anasema juu ya nguo, bila shaka. Kiingereza chake ndicho kilichochanganya. Lakini mimi niliyachukua maneno yale jinsi yalivyo, nikayaweka mahali.

Kisha taa. Ah, laiti ningeweza kuwapa taa zile. Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango wa jiko, na kutoka gizani ikaanza marimba yenye umbo la mtumbwi, sauti yake ya mbao iliyolowa, matuazi madogo yakajibu, ngoma ikapigwa kwa vidole, na zumari ikapanda juu ya vyote kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Wakatoka wasichana watano wamebeba bakuli za dhahabu. Walitembea kana kwamba sakafu inaweza kuamka. Vidole vyao vilikunjwa kwenda nyuma, vikafunguka kama ua, vikashika kitu kisichoonekana, vikakiachia. Nyuso zao hazikucheka wala hazikununa. Niliamini wako chini ya maji. Niliamini kwamba sisi wote, mimi na kabila la Wasafiri na sahani za wali, tumezama pamoja nao bila kulowa, na kwamba ndiyo maana hakuna aliyekohoa. Walipofika ukingo wa jukwaa walitupa maua kutoka kwenye bakuli, na petali zikashuka taratibu mno, zikatua kwenye mabega ya wazee wale, nyingine kwenye supu.

Kiangazi hicho hicho Bibi aliugua.

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa natazama katuni, mama akaingia bafuni na simu, akafungulia maji ili nisisikie, na mimi nikasikia. Alikuwa anaongea na mjomba, kaka yake.

"Nakuelewa, kaka. Mwambie mama namwelewa. Lakini karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka. Nikitoka hapa mlango unafungwa nyuma yangu." Maji yakatiririka. "Mishi naweza kumwacha kwa Ming, hilo si tatizo. Tatizo ni kumrudia."

Leo najua mlango gani alikuwa anausema. Siku ile nilijua mlango mmoja tu, wa kwetu, ule wa kujifunga wenyewe ukiuachia. Nikauona: mama nje koridoni, ufunguo umebaki mezani, anagonga, mimi sifiki kitasa cha juu. Nilinyanyuka nikachukua ndara zangu nikazibana mlangoni, mlango ukabaki na ufa. Mama alipotoka bafuni macho yake yalikuwa mekundu. "Nani kaacha mlango wazi?" aliuliza. Nikageukia katuni. Akazitoa ndara kwa mguu, mlango ukajifunga, klak, na mimi nikashtuka peke yangu.

Siku zilizofuata sanduku lilitolewa chini ya kitanda. Mama alikunja khanga mpya akaziweka, akaweka chupa za vidonge, soksi nene, sweta. Alikuwa anaweka kitu kimoja, anakitoa, anakinusa, anakirudisha. Mpaka Jumamosi sanduku lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango kama mgeni anayengoja kuitiwa gari.

Na Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, mama hakwenda kazini. "Ming ametualika sote," alisema akijipaka mafuta. "Leo na mimi nikaone hao wacheza ngoma wako." Alivaa gauni lake la kitenge, lile pana la bluu lenye ndege, gauni la harusi za watu. Nilijua maana yake. Mtu anayevaa hivyo anakuja kuaga.

Mgahawani nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma. Bopha alikuwa ameshakuwa taa, amesimama ukutani. Ming alikuwa amepiga magoti akimalizia binti mwingine, na pembeni yake kulikuwa na kile kimto chake kilichochomekwa sindano. Moja ilikuwa na uzi mwekundu, mrefu, umeshafungwa fundo. Niliichomoa, nikaichomeka ndani ya pindo la gauni langu, nikatoka.

Tulipewa meza ya nyuma kabisa, karibu na jiko, pamoja na mzee mmoja wa kabila la Wasafiri aliyekuwa akilala baina ya kijiko na kijiko. Mama hakula. Alifungua jani la mgomba, mvuke ukampanda usoni, akalifunika tena. Taa zikazimwa. Marimba ikaanza. Nami nikateleza kwenye kiti nikaingia chini ya meza.

Chini ya kitambaa cha meza kulikuwa na dunia nyingine. Mwanga wa jukwaa uliingia kwa chini, wa dhahabu, ukipita kwenye msitu wa miguu ya viti na viatu vyeupe. Nilikaa kando ya miguu ya mama, nikaushika upindo wa gauni lake kwa mkono mmoja na wangu kwa mwingine, nikavikutanisha. Mshono wa kwanza ulinichoma kidole. Wa pili ukapita. Nilikuwa nimemtazama Ming mara nyingi mno, mikono ilijua yenyewe: ingiza, vuta, ingiza, vuta. Mbele kabisa, kati ya viatu, niliiona miguu ya Bopha peku, vidole vyake vya mguu vimeinuka kidogo kutoka sakafuni, akigeuka, akigeuka, na kila alipogeuka nilivuta uzi. Zumari ililia. Tone la maji likaniangukia mkononi, kisha jingine. Nilidhani ni glasi ya mama ya maji ya barafu inayotoka jasho. Nikalifuta kwenye kitenge nikaendelea kushona, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko ulivyowahi kutulia, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri na haendi popote mpaka niseme mimi.

Ngoma ikaisha. Makofi. Taa zikawaka, mama akasimama.

Nilitoka chini ya meza kama samaki kwenye ndoana. Kichwa changu kiligonga kiti, kitambaa cha meza kikanifuata, sahani ya yule mzee ikaingia mapajani mwake naye akaamka. Watu wa meza za jirani wakacheka. Bibi mmoja alipiga makofi akidhani ni sehemu ya ngoma. Mama alivuta gauni, nikaja. Akavuta tena, nikaja tena. Ndipo alipoinama akauona ule mstari mwekundu, mishono mikubwa iliyopinda, ukitoka kwake ukiingia kwangu.

"Mishi." Alipiga magoti, uso wake sawa na wangu. Kope zake zilikuwa zimelowa na kushikana. "Umefanya nini, mama?"

Nilifungua mdomo nijibu kwa Kiingereza kama kawaida. Neno lililotoka halikugeuka njiani.

"Usiende."

 Mtu wa jikoni alipita na trei, akatuzunguka. Ming akaja mbio na mkasi wake kamba ya miwani ikiruka, akapiga magoti na yeye, akaushika mshono baina ya vidole, akauchunguza kwa makini kama anavyochunguza kazi ya mtu mzima.

"Mshono mbaya," alisema. "Lakini imara." Akamtazama mama, na kitu kikapita kati yao ambacho mimi sikupewa. "Nikate, dada?"

"Usikate," mama alisema. "Nyumbani ni karibu. Tutakwenda hivihivi."

Tukaenda hivihivi. Jioni za kiangazi za Toronto hazina haraka, jua lilikuwa limeshashuka lakini mwanga ulikuwa bado unazunguka mitaani kama hautaki kuingia ndani. Mama alipunguza hatua zake, mimi nikarefusha zangu. Tulipopita mbele ya maduka tuliiona sura yetu kwenye vioo, mnyama mmoja mwenye vichwa viwili na gauni moja lenye ndege. Kwenye lile daraja la waenda kwa miguu upepo ulijaza kitenge, ukatuinua, au niliona hivyo. Mama alianza kuimba kwa pumzi tu, bila maneno, ile sauti ya zumari, na aliikosea, nami sikumsahihisha. Watu waliotoka stesheni walitupisha. Kwenye lifti tulisimama tumebanana ingawa tulikuwa peke yetu.

Nililala na nguo zangu, yeye amelala pembeni na gauni lake, uzi kati yetu.

Asubuhi nilipoamka gauni la ndege lilikuwa bado limeshonwa kwangu, lakini tupu, limetandazwa kitandani kama mtu aliyeyeyuka. Nikapiga kelele. "Niko huku," sauti ya mama ikatoka jikoni. Alikuwa amevaa khanga, anakoroga uji. Nikatazama mlangoni. Sanduku halikuwepo. Mama yupo, sanduku limeondoka. Nikaelewa mara moja: safari ilikuja kweli, ikamkuta mama ameshonwa, ikachukua sanduku peke yake ikaenda zake.

Simu ikapigwa Muheza asubuhi hiyohiyo. Mama aliongea kwanza, sauti ya chini, kisha akaniwekea sikioni bila kuniuliza. Nilisema shikamoo. Bibi akaitikia kwa mbali sana. Nikatafuta pazia, lakini nilikuwa bado nakokota gauni la mama, sikuweza kukimbia.

"Jana mlikwenda wapi, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza.

"Bibi, mimi naona watu," nilisema. "Anacheza. Anacheza pole. Polepole. Kama ndani maji."

"Ndani ya maji! Wee! Na hawazami?"

"Hapana. Wameshonwa."

"Wameshonwa?"

"Ndiyo. Na uzi. Mkono hivi." Nikamwonyesha vidole, nikavikunja nyuma kadiri ya uwezo wangu, nikavifungua kama ua mbele ya simu.

"Hebu tena," Bibi alisema, na nikafanya tena, na akasema, "Ahaa, naona." Kisha akacheka mpaka akakohoa, akakohoa kwa muda mrefu. "Basi mwambieni huyo fundi na mimi anishone," alisema. "Maana huku nafumuka."

Nilimtafsiria mama kwa Kiingereza, nikidhani hakusikia. Mama akageukia dirisha.

Bibi alifariki kabla majani hayajageuka rangi. Siku ya habari Ming alivuka korido bila sahani, akakaa sakafuni karibu na mama, mgongo ukutani, na hawakuzungumza lugha yoyote. Nilikuja kuambiwa nikiwa mkubwa kwamba na yeye hakumzika mama yake, hakujua hata alilala wapi, vita vya kwao vilimpeleka njia nyingine. Siku ile niliwaona tu mama wawili wamenyoosha miguu, na nikaanza, polepole, kuhesabu moyoni kile uzi wangu ulichozuia. Nilikua nacho. Nilimaliza shule nacho, nikaolewa nacho. Karatasi zilipotoka hatimaye tukaenda Muheza, mama akasimama kaburini muda mrefu, nami nikasimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu.

Mama sasa anaishi nasi Pickering, nje kidogo ya Toronto. Jioni ya siku ile ya lifti nilimkuta mezani anachambua mchele kwenye sinia, ingawa mchele wa huku hauna mawe, na nikajikuta nimemuuliza. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kama ninavyozungumza naye siku hizi. Kama nisingemshona, angekwenda kumwona Bibi?

Aliinua uso. "Kwenda wapi? Nilikuwa nimeshamwambia mjomba wako siendi. Siku kadhaa kabla ya ile ngoma."

"Na sanduku?"

"Lilikuwa na vitu vya kumpelekea Bibi. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa anasafiri, alilipitia alfajiri wewe umelala."

Nilikaa.  "Na gauni? Ulivaa gauni la kuaga."

"La kuaga?" Mama akatabasamu kidogo. "Nilivaa gauni zuri kwa sababu nilikuwa nakwenda kulia, Mishi. Nyumbani ningelia ungeniona. Kazini wangeniuliza. Mle ndani kulikuwa na giza na muziki, na wageni wasionijua. Ming ndiye aliyesema, njoo ukae gizani kwangu."

Akarudia mchele wake, kidole kikitenga punje hapa na pale.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nilisema. "Nilipokuambia usiende. Si ungeniambia palepale kwamba huendi?"

Mama alilitikisa kidogo lile sinia, punje zikajipanga upya.

"Jioni ile nilikuwa nataka kushikwa," alisema. "Ningekuambia siendi, ungeniachia."